Seva ya Kanzidata Ikilemewa, Ichunguze Kabla ya Kuizima

Ushauri ninaoutanguliza kwa kila anayesimamia kanzidata (hifadhi ya data ya mfumo, kama rekodi za mauzo) ni kwamba seva, yaani kompyuta inayoihudumia, ikilemewa asikimbilie kuizima na kuiwasha upya. Najua shinikizo lilivyo wakati huo: wateja wamejaa dukani, karani anabonyeza na skrini haisogei, na mwenye biashara anataka kujua kazi itaendelea saa ngapi. Kuizima huleta nafuu ya haraka, lakini hufuta ushahidi wote wa kilichokuwa kikiendelea, na mara nyingi seva huamka ikiwa nzito zaidi kwa muda, kwa kuwa data iliyokuwa imeshapakiwa kwenye RAM, kumbukumbu ya haraka inayofutika mashine ikizimwa, imeondoka na sasa lazima isomwe tena kutoka kwenye diski. Dakika tano za kuchunguza wakati tatizo lipo zina thamani kuliko siku nzima ya kubahatisha baada ya tatizo kupita.

Kazi yangu hapa Unguja kwa miaka kadhaa imekuwa zaidi kwenye mifumo ya mauzo na ghala ya wafanyabiashara wa jumla, wenye maduka Darajani na Mwanakwerekwe na matawi Pemba, na karibu yote hutumia MySQL au PostgreSQL, ambazo ni programu za kanzidata, juu ya mfumo endeshi wa Linux. Msimu mgumu wao ni Shaabani, watu wanaponunua vyakula vya Ramadhani, na kisha kumi la mwisho kabla ya Sikukuu. Katika misimu hiyo nimeona wenye biashara wakishauriwa kununua seva mpya ya mamilioni ya shilingi kabla mtu yeyote hajapima chochote, na jambo hilo hunisikitisha sana, kwa sababu fedha hizo mara nyingi hazigusi chanzo cha tatizo.

Kipimo ambacho wengi hukitazama kwanza ni zile tarakimu tatu za mzigo ambazo amri ya uptime huzionyesha, yaani wastani wa dakika 1, dakika 5 na dakika 15. Tarakimu hizo hueleweka vibaya. Katika Linux, tangu mwaka 1993, hesabu hiyo haijumuishi tu michakato (programu zinazoendeshwa) inayotumia prosesa au inayoisubiri, bali pia michakato iliyokwama ikisubiri diski. Ni sawa na kuhesabu watu wote waliopo bandarini Malindi hapa Unguja siku ya kuamkia Sikukuu: hesabu itakwambia kuwa watu ni wengi, lakini haitakwambia kama wamekwama kwenye dirisha la tiketi au kwa sababu boti haijatia nanga. Kwa hiyo mzigo wa 20 kwenye mashine yenye kori 8, yaani sehemu nane za prosesa zinazofanya kazi sambamba, haumaanishi kwamba prosesa ni ndogo, kwani inawezekana prosesa imekaa bila kazi na kila mchakato unasubiri diski.

Ndiyo maana swali la kwanza la kujiuliza ni michakato inasubiri nini. Amri ya vmstat 1 hujibu sehemu kubwa ya swali hilo, mradi uupuuze mstari wake wa kwanza, ambao ni wastani wa tangu mashine ilipowashwa. Safu ya r (michakato inayotumia prosesa au inayoisubiri) ikizidi idadi ya kori kwa muda mrefu, na us (asilimia ya muda ambao prosesa inaendesha programu) iko juu, tatizo liko kwenye prosesa. Ikiwa safu za b (michakato iliyokwama) na wa (muda wa kusubiri diski) ndizo zilizopanda, tazama diski kwa iostat -x 1, hasa muda ambao kila ombi husubiri. Ikiwa safu zinazoitwa si na so hazikai kwenye sifuri, RAM imeisha na mfumo unahamishia vipande vya kumbukumbu yake kwenye diski, hali ambayo kanzidata haiwezi kuivumilia. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7200 kwa dakika huhitaji wastani wa zaidi ya milisekunde 4 ili tu data ifike chini ya kichwa cha kusomea, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea, na kwa hiyo huishia maombi yapatayo mia moja kwa sekunde ya data iliyotawanyika huku na huko, ilhali SSD, diski isiyozunguka, hufikisha makumi ya maelfu.

Baada ya hapo ingia ndani ya kanzidata yenyewe. Katika MySQL andika SHOW FULL PROCESSLIST, na katika PostgreSQL soma pg_stat_activity, kisha hifadhi matokeo kwenye faili na urudie baada ya sekunde chache. Hoja ya SQL, yaani ombi ambalo programu huiandikia kanzidata, inayoonekana kila unapotazama ndiyo mshukiwa wako. Washa pia logi (kumbukumbu ya maandishi) ya hoja za polepole, ambayo katika MySQL huwa imezimwa, na ukumbuke kwamba hata ukiiwasha, kikomo chake cha kawaida ni sekunde 10, ambazo ni nyingi mno kwa duka lenye foleni. Mimi hukishusha hadi sekunde 1, na wakati mwingine chini ya hapo. Sababu ni kwamba hoja inayoua seva si lazima iwe ndefu: hoja ya milisekunde 50 tu, ikitumwa mara 200 kwa sekunde, inadai sekunde 10 za kazi katika kila sekunde moja, na kori 8 haziwezi kuzitoa. Panga hoja zako kwa jumla ya muda zilizotumia. Katika PostgreSQL, kiendelezi (nyongeza) cha pg_stat_statements hukupa jumla hiyo moja kwa moja.

Chanzo ninachokikuta zaidi ya vyote ni hoja inayosoma jedwali zima kwa kukosa faharasa (orodha iliyopangwa inayoionyesha kanzidata rekodi zilipo), au inayoinyima kanzidata nafasi ya kuitumia faharasa iliyopo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na ripoti ya mauzo ya mwezi ambayo kila msimamizi wa tawi aliifungua asubuhi, na kila ilipofunguliwa mauzo yalisimama matawi yote. Faharasa ya tarehe ilikuwepo. Tatizo ni kwamba hoja iliandikwa kwa sharti la YEAR(tarehe) = 2023 AND MONTH(tarehe) = 3, na safu ikishafungwa ndani ya kitendakazi, yaani amri ya kukokotoa kama YEAR(), namna hiyo, faharasa ya kawaida ya safu hiyo haisaidii tena kuzifikia rekodi zinazotakiwa, kwa hiyo MySQL ilipitia rekodi zote za tangu duka lifunguliwe. Tulibadilisha sharti liwe tarehe >= '2023-03-01' AND tarehe < '2023-04-01', na ripoti ikaanza kufunguka papo hapo. Seva ni ile ile hadi leo. Neno EXPLAIN likitangulizwa mbele ya hoja lingeonyesha mapema kwamba jedwali zima linasomwa: MySQL huandika ALL, na PostgreSQL huandika Seq Scan. Jihadhari tu na EXPLAIN ANALYZE, kwa sababu yenyewe huiendesha hoja kwa kweli, na katika PostgreSQL ukiiweka mbele ya DELETE rekodi zitafutika.

Ipo hali nyingine inayowachanganya hata wenye uzoefu, nayo ni seva kuwa nzito huku prosesa na diski zote zimetulia. Hapo tafuta kufuli, yaani zuio ambalo kanzidata huiwekea rekodi inayobadilishwa ili mwingine asiiguse. Programu imefungua muamala (kundi la mabadiliko yanayothibitishwa au kufutwa kwa pamoja), imebadilisha rekodi ya bidhaa, kisha ikaacha kuufunga kwa sababu karani ameacha dirisha wazi akaenda kusali, na kila anayetaka kugusa bidhaa hiyo anasubiri. MySQL humsubirisha sekunde 50 kabla ya kumrudishia hitilafu. PostgreSQL huiandika hali ya mwenye kufuli kuwa idle in transaction, yaani amekaa bila kazi ndani ya muamala, na kitendakazi cha pg_blocking_pids hukuonyesha nani anamzuia nani. Katiza muunganisho wa huyo mmoja anayezuia badala ya kuzima seva nzima, kisha umrudie mwandishi wa programu, kwani muamala haupaswi kamwe kumsubiri binadamu.

Kuhusu mipangilio nitasema machache. MySQL huja na innodb_buffer_pool_size, sehemu ya RAM ya kuhifadhia data inayotumika, ya MB 128, na nimekuta seva zenye RAM ya GB 32 zikiendeshwa kwa kiasi hicho hicho; kwa mashine inayohudumia kanzidata peke yake, asilimia 50 hadi 75 ya RAM ni kiwango cha kuanzia. Usipandishe idadi ya miunganisho ukidhani unaongeza kasi. Kama kazi imekwama, miunganisho mingi huongeza wanaosubiri tu.

Visiwani kwetu kuna mambo mawili zaidi ambayo miongozo mingi haiyatilii mkazo. Umeme wetu hupita chini ya bahari kutoka bara, na aliyekuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 anajua maana ya waya huo kuharibika. UPS, betri za akiba za umeme, tunazitunza, lakini tunaisahau betri ndogo iliyo kwenye kidhibiti cha diski za RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Betri hiyo ikifa, vidhibiti vingi huacha kutumia kumbukumbu yao ya kuandikia, na tangu hapo kila COMMIT, amri ya kuthibitisha muamala, husubiri diski yenyewe. Seva iliyokuwa nyepesi jana huwa nzito leo bila mtu kubadilisha chochote. La pili ni joto. Kiyoyozi cha chumba cha seva kikizimika mchana wa kaskazi, prosesa hupunguza kasi yake ili isiungue, na habari hiyo utaikuta kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo wa Linux, si kwenye kanzidata.

Yote haya huwa rahisi ukiwa na vipimo vya siku ya kawaida vya kulinganisha. Sakinisha sysstat, programu ya kukusanya vipimo vya mashine, leo, wakati seva ni nzima. Kwa kawaida hukusanya vipimo kila dakika 10, kipindi ambacho ni kirefu kwa tatizo la dakika tatu, kwa hiyo kipunguze hadi dakika 1, kisha mara mbili kwa saa soma mwenyewe vipimo hivyo kwa amri ya sar katika wiki ya mwisho ya Shaabani.