USDT zimeingia pochini lakini soko halizioni: nini kimetokea?

SWALI: Habari yako, mhandisi. Ninaishi Umoja hapa Nairobi, na kwa miezi minne nimekuwa kwenye kundi la Telegram la watu wa sarafu za kidijitali. Tunabishana mambo ya Bitcoin na pia tunauziana kidogokidogo. Wiki jana nilinunua USDT 60 (sarafu ya kidijitali inayofuata bei ya dola) kutoka kwa mwenzetu mmoja kwa Sh 7,800, nikamlipa kwa M-Pesa. Ziliingia kwenye pochi yangu, ile programu ya simu ya kutunzia sarafu, dakika hiyo hiyo kwa mtandao wa Tron, jina na nembo vyote sawa. Jumatatu nikazituma kwenye soko la sarafu ninakouzia. Muamala unaonyesha umefaulu, lakini salio langu sokoni halijaongezeka hata senti. Kundini wengine wanasema kosa langu ni kutosubiri kuthibitishwa mara sita, wengine wanasema hiyo ni habari ya Bitcoin, Tron ni sekunde tatu tu. Sasa kuna mtu amenijia inboksi, anasema ni wa huduma kwa wateja, anataka yale maneno 12 ya pochi ili azifungue pesa zangu. Nani anasema kweli, na pesa zangu ziko wapi?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na huyo wa inboksi, maana yeye ndiye hatari iliyo mlangoni sasa hivi. Usimpe hata neno moja. Maneno hayo 12 huchukuliwa kutoka orodha maalum ya maneno 2,048, na kutoka kwayo pochi huzalisha funguo zote za siri, za Tron, za Bitcoin, za Ethereum, kila ulicho nacho humo. Anayeyajua hahitaji simu yako wala PIN yako. Ataifungua pochi hiyo kwenye simu yake popote alipo na kuhamisha kila kitu. Hakuna fundi anayeyahitaji kurekebisha chochote, kwa sababu kazi ya maneno hayo ni kuzalisha funguo za kusaini miamala tu. Watu hawa hukaa kimya kundini wakingoja mtu aandike "nisaidieni jamani," kisha humfuata pembeni. Kama ulishampa, acha kusoma hapa kwanza: fungua pochi mpya yenye maneno mapya na uhamishe kilichobaki, halafu urudi.

Sasa tuje kwa hizo 60. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini ulichotumiwa si USDT. Ni tokeni nyingine iliyopewa jina hilo.

Kwenye Tron, kama ilivyo kwenye Ethereum, tokeni ni programu ndogo tu iliyowekwa kwenye mnyororo (rekodi ya pamoja ya mtandao), ambayo watu huiita mkataba. Programu hiyo hutunza daftari: anwani hii ina kiasi hiki, ile ina kile. Mtu yeyote mwenye ada kidogo anaweza kuandika mkataba wake, akauita "Tether USD," akaupa alama ya USDT, akajiandikia milioni kumi. Mtandao haukagui majina. Hauna ofisi ya kuuliza kama jina hilo lina mwenyewe. Kinachotofautisha tokeni moja na nyingine ni anwani ya mkataba wake, na hiyo haiwezi kuwa sawa kwa mikataba miwili.

USDT halisi ya kampuni ya Tether kwenye Tron ina anwani moja tu ya mkataba: TR7NHqjeKQxGTCi8q8ZY4pL8otSzgjLj6t. Usikubali kwa sababu mimi nimeiandika. Ingia tovuti ya Tether yenyewe uilinganishe. Kisha fungua Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala ya Tron, bandika anwani ya pochi yako, nenda kwenye orodha ya tokeni zilizoingia, na ubonyeze ule muamala wa wiki jana. Utaona jina lile lile ulilozoea, na karibu nalo maandishi madogo ya anwani ya mkataba. Yasome yote, kuanzia T ya kwanza hadi t ya mwisho. Usiridhike na herufi nne za mbele na nne za nyuma, kwa sababu kuna programu zinazozalisha mamilioni ya anwani hadi zipate yenye mwanzo na mwisho unaofanana na ile unayoiamini. Ikiwa haya maandishi ni tofauti na hayo niliyoandika hapo juu, jibu umelipata.

Hapo ndipo pia utaelewa kwa nini soko halikukupa kitu ilhali muamala ulifaulu. Mkataba ule bandia ulifanya kazi yake barabara: ulipunguza 60 kwako ukaongeza 60 kwenye anwani ya soko. Ila soko husikiliza mkataba wa TR7NH peke yake. Hiyo nyingine kwake ni karatasi ya mtu asiyemjua. Kuna dalili moja ungeweza kuiona mapema pasipo Tronscan: mara nyingi pochi huonyesha idadi ya tokeni bandia lakini thamani yake kwa dola huwa sufuri au nafasi tupu, kwa sababu haina bei popote. Watu wengi hutazama idadi, wakafurahi, wasishuke macho mstari mmoja chini.

Na kama utakuta mkataba ni ule halisi, basi furahi, tatizo ni dogo zaidi. Huenda ulituma chini ya kiwango cha chini wanachopokea. Hapo chukua namba ya muamala uifungulie soko malalamiko kupitia programu yao wenyewe, si kwa mtu aliyekuja inboksi.

Ubishi wa kundini sasa. Pande zote mbili zina haki, kila mmoja kwenye mtandao wake, na ningependa muendelee kubishana kwa sababu huu ni ubishi wenye faida. Kwenye Bitcoin, bloku moja, yaani fungu la miamala linaloandikwa kwa pamoja, hupatikana kwa wastani wa dakika 10, na bloku za juu kabisa zinaweza kupinduliwa endapo mtu mwingine atajenga mnyororo mrefu zaidi pembeni. Kila bloku inayoongezwa juu ya muamala wako inaufanya kuwa mgumu zaidi kung'oa. Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, aliweka hesabu hii mwishoni mwa waraka wake wa Oktoba 2008: mshambuliaji akiwa na asilimia 10 ya nguvu za uchimbaji (kompyuta zinazoshindana kuandika bloku), bloku tano juu ya ile yenye muamala wako zinashusha nafasi yake ya kufaulu chini ya moja kwa elfu. Hesabu ile ya kwanza pamoja na hizo tano, unapata sita, saa moja hivi. Lakini waraka huo huo unaonyesha akiwa na asilimia 30, inabidi bloku 24. Kwa hivyo sita haikushuka kutoka mbinguni. Ni kipimo cha hofu uliyo nayo na kiasi kilicho mezani. Kwa biashara ya elfu mbili au tatu kati yenu, bloku moja au mbili zatosha kwa maoni yangu.

Sufuri ndiyo haitoshi kamwe. Muamala wa Bitcoin ambao bado unasubiri unaweza kubadilishwa na aliyeutuma: anatuma mwingine wenye ada kubwa zaidi, unaorudisha sarafu zile zile kwake, na wachimbaji huchukua huo wenye ada nono. Akikwambia "si umeona inakuja?" mjibu utamlipa ikifika.

Tron nayo ina wawakilishi 27 waliochaguliwa kwa kura, wanaopokezana kuandika bloku kila baada ya sekunde tatu. Huyo wa sekunde tatu anasema kweli kuhusu muamala kuonekana. Kuhesabiwa kwamba haugeuziki huja baada ya wawakilishi 19 kujenga juu yake, yaani karibu dakika nzima. Ethereum, tangu ilipoacha uchimbaji mnamo Septemba 2022, huchukua kama dakika 13 kufika hatua hiyo. Lakini hakuna lolote kati ya haya lililokuponza wewe. Mtandao unathibitisha kwamba kitu kimehama kutoka kwa fulani kwenda kwa fulani. Kitu chenyewe ni nini, hilo ulipaswa kulikagua wewe, na ungeweza kusubiri mwaka mzima bila tokeni ile kugeuka kuwa dola.

Kuna jambo ambalo nadhani kundi lenu linalipita, nami nalijali sana kwa sababu kazi yangu ni mifumo ya malipo. Mnapouziana USDT kwa M-Pesa, mnatumia madaftari mawili yasiyojuana. Lile la Tron halina mtu wa kulirekebisha: kikienda kimeenda. Lile la M-Pesa lina watu nyuma yake, na watu hao wanaweza kuzuia na kurudisha. Anayeuza sarafu anatoa kisichorudi ili apokee kinachoweza kurudi. Anayenunua, kama wewe, anatoa pesa zenye jina na kitambulisho ili apokee kitu kisicho na jina. Kila mmoja ana shimo lake, na wezi wanayajua yote mawili.

Mwaka jana kijana mmoja anayeuza simu Luthuli Avenue alinipa simu yake nitazame. Aliuza USDT, akaona ujumbe wa M-Pesa, akaachilia sarafu, na pesa hazikuwepo. Ujumbe ulikuwa umepangwa vizuri: namba ya muamala yenye herufi na tarakimu 10, tarehe, saa, jina la aliyetuma. Nikamuuliza ulikuwa na ngapi kwenye M-Pesa kabla. Akasema kama elfu ishirini na moja. Ujumbe ulisema amepokea Sh 6,450 na salio lake jipya ni Sh 9,340. Aliyeutunga hakuwa na njia ya kujua salio lake, akabuni. Tulipofungua maelezo ya ujumbe, ulikuwa umetoka kwa namba ya kawaida ya simu, si kwa MPESA. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia asisome ujumbe kabisa. Apige *334# aangalie salio. Na hata pesa zikiwa zimeingia kweli, aliyezituma anaweza kupeleka ujumbe wake kwa namba fupi ya M-Pesa, 456, akidai alikosea namba, kiasi hicho kikazuiliwa kwako wakati madai yanaangaliwa. Ndiyo maana jina la anayelipa ni lazima lilingane na la mnayeuziana. "Ndugu yangu ndiye atakayetuma" ni sababu tosha ya kusitisha biashara.

Kwa upande wako wa mnunuzi, njia iliyo salama zaidi ni kununua ndani ya soko lenye eskro, ambako sarafu za muuzaji hufungwa na soko kwanza, na soko lenyewe limeshazikagua kuwa halisi. Mkilazimika kufanya kundini, mwombe atume USDT 5 kwanza. Atalalamika ada ya Tron. Mwambie utaibeba wewe. Kagua mkataba, subiri dakika moja, lipa za hizo tano, kisha endeleeni kwa mafungu, na kila fungu ulikague upya kana kwamba ni la kwanza. Admini akijitolea kuwa mtu wa kati, mtafute kwenye orodha ya wasimamizi wa kundi umwandikie kutoka hapo, kwa sababu kwenye jina la akaunti herufi kubwa ya I na herufi ndogo ya l hazitofautiani kwenye skrini nyingi.

Kuhusu Sh 7,800: upande wa Tron hakuna cha kurudisha, kwa kuwa hukupewa chochote chenye thamani. Upande wa M-Pesa ndio wenye jina, kwa hiyo fuatilia huo. Piga picha mazungumzo yote kabla hajayafuta, maana Telegram humruhusu kufuta pande zote mbili. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, namba ya muamala wa Tron, na jina la akaunti yake. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe ulaghai upewe namba ya OB (kitabu cha matukio), kisha wapigie watoa huduma wa M-Pesa ukiwa na namba hiyo. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inahusu ulaghai wa namna hii. Ile ya watoa huduma za mali pepe, yaani sarafu kama hizi, iliyopitishwa 2025 inawalenga wenye kuendesha biashara hizo kwa leseni, na jirani wa Telegram hayumo. Sitakuficha: wiki imepita, na pesa za aina hii kwa kawaida hutolewa kwa wakala siku ile ile, mara nyingi kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Lakini laini ikiripotiwa na watu kadhaa, inaweza kufungwa.

Usitoke kundini. Rudi uandike yaliyokupata, na ubandike anwani ya mkataba ule bandia kama ulivyoikuta Tronscan, herufi zote 34 bila kuifupisha katikati, ili atakayetumiwa tokeni hiyo kesho aikute akiitafuta.