PCB ya C, E na S: urisiti au uombe chuo hivyo hivyo?

Mdogo wangu nimekuelewa, umetoka PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na Bios C, Kemia E, Fizikia S, mzee anataka udaktari na wewe unauliza urisiti, yaani urudie mtihani wa form six, au uombe chuo na ulichonacho. Kwanza hujafeli, achana na hao wanaokutisha. Kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa digrii ni prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye pointi 4, C ni 3, E ni 1, umefika. S haihesabiki kama prinsipo. Ila kwa MD, digrii yenyewe ya udaktari, hiyo S pamoja na E ya Kemia zinakukwamisha, hapo hakuna ubishi.

Mi nilikuwa PCM, Fizikia D, Kemia D, Hesabu S. Chuo ningepata, ila uinjinia bila Hesabu ningeusikia kwa wenzangu tu. Nikarisiti Hesabu peke yake kama PC, mtahiniwa wa kujitegemea, ile index namba inayoanza na P badala ya S. Kilichonibeba ni kwamba Hesabu ya Advance haina praktiko, pepa mbili tu, kalamu na kichwa chako. Nilikuwa nauza duka la mjomba Mbagala, pasti pepa ziko chini ya kaunta, uko katikati ya integration mtu anagonga na sarafu anataka sukari robo, ukirudi hata hukumbuki u ulisema ni nini. Ikaja C, nikaomba chuo na index namba zote mbili.

Wewe sasa ngoma ni nyingine maana Fizikia na Kemia zote zina pepa ya tatu, praktiko. Mtu yuko nyumbani mwaka mzima hajashika bureti halafu anaingia maabara ya watu, titration ya kwanza rangi inageuka ghafla kashapitiliza, ya pili hivyo hivyo, na chumvi ya kuitambua ina nini bado hajaigusa. Kwa hiyo kabla hujalipia chochote tafuta shule itakayokuruhusu kuingia maabara, ongea na mwalimu wa Kemia mwenyewe, hela ya kemikali mtaelewana. Ukikosa maabara usirisiti, nakwambia ukweli, tuisheni ya notsi peke yake haitoshi.

Na udaktari hauna njia moja. Kama form four yako ya sayansi iko vizuri kuna diploma ya Clinical Medicine, miaka 3, ukitoka na GPA ya 3.0 kwenda juu unaweza kuombea MD. Ni ndefu kuliko kurisiti ila katikati una kazi mkononi. Wapo watakaokuambia CO (clinical officer, mwenye diploma hiyo) si daktari, hao waulize wakiumwa usiku kule wilayani wanamkuta nani.

Mzee mwambie gharama kamili, ada ya mtihani, tuisheni na maabara, asije akadhani kurisiti ni kukaa nyumbani unasoma bure huku unatumwa sokoni. Usajili wa PC nao uuwahi, ukichelewa kuna faini.