Paka Wako Hakukomoi: Ijue Ratiba Yake

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Chake Chake. Ana paka dume, kamlea tangu kitoto, na ghafla paka huyo kaanza kukojoa ovyo: mara juu ya mswala, mara kwenye beseni la nguo chafu, na mwisho kitandani, upande anaolala mume. Mama mkwe keshatoa hukumu. Paka ana kisirani, atiwe kwenye polo akatupwe sokoni. Dada ananiuliza: "Da, nimemkosea nini huyu paka hata anikomoe namna hii?"

Nilimjibu usiku ule ule. Hakukomoi, mdogo wangu. Mfuate, umtazame anapochuchumaa. Mkojo unatoka au hautoki? Kama anachuchumaa mara kwa mara na kinachotoka ni tone tu, mtafute daktari wa mifugo kunapokucha, na ukimpata usiku ndiyo bora zaidi. Akanirudishia: "Ni matone, Da, na analia." Asubuhi alimpeleka. Paka yu hai, anakula, na alhamdulillah mama mkwe sasa ndiye anayemwekea maji.

Tokea hapo wengi wananiuliza nilijuaje, na mimi niko Unguja, paka mwenyewe sijamwona hata kwa picha. Nilijua kwa sababu ya Kibua.

Kibua ni dume langu la milia ya kijivu, nimemwokota Malindi, hapa hapa mjini Unguja, kwenye soko la samaki, kitoto, macho yote mawili yameziba kwa tongo. Nimemwosha macho kwa maji ya vuguvugu na pamba mpaka yakafunguka, na uso wa kwanza aliouona vizuri ni wangu. Nimemlea Kikwajuni nyumbani kwetu, na tangu siku za mwanzo nimekuwa na tabia ya kumtazama. Namjua anapolala saa nne ya asubuhi. Najua anaamka lini, anaanza kujilamba wapi, anapita mlango gani. Ndugu zangu waliniona sina kazi. Mimi nasema huko kumtazama ndiko kulikomwokoa.

Kwa kawaida Kibua akiingia kwenye boksi lake la mchanga, huchimba, huchuchumaa, hufukia, kisha huondoka mkia juu. Siku moja alichimba, akachuchumaa, akakaa pale pale. Masikio kayalaza pembeni, mgongo umepinda, miguu ya nyuma inatetemeka kwa mbali. Akatoka bila kufukia, na yeye hajawahi hata siku moja kuacha kufukia. Akajilamba chini ya mkia kwa nguvu. Sijamaliza kuchambua mchele, kesharudi kwenye mchanga. Nikaenda kuinama juu ya boksi. Palikuwa pameloa mahali padogo kuliko sarafu, na pana wekundu.

Kila aliyeingia ukumbini alikuwa na lake. Choo kigumu hicho, mtie mafuta ya nazi. Kaliwa na baridi. Jamaa yangu mmoja alicheka kabisa: paka ana roho saba, mwache, atapona mwenyewe, fedha za daktari kanunulie unga. Maneno yale bado ninayo moyoni, nasema kweli. Nilimtia Kibua kwenye kikapu, nikamfunika kwa kanga, nikatoka naye mchana wa jua kali.

Daktari alimgusa tumbo mara moja tu, uso wake ukabadilika. Kibofu kimejaa na kukaza, mkojo hauna pa kupita. Alinieleza kwamba njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, na chengachenga zilizo mfano wa mchanga, pamoja na utelezi, huweza kuiziba. Mkojo ukizuilika, sumu ambayo ilikuwa itoke nje hubaki ndani ya damu, mpaka moyo unaharibikiwa na mwendo wake. Paka anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Akampiga sindano ya kumlaza, akampitisha mpira mwembamba, na mkojo ukatoka mwekundu, na zile chenga ukaziona kwa macho. "Umewahi," akaniambia. Sijapata kupewa sifa iliyonipendeza kuliko ile.

Sasa wewe unayesoma hapa, najua unampenda paka wako, ndiyo maana upo. Basi lichukue hili moja na ulishike: paka haonyeshi ugonjwa. Ni mwindaji, lakini kwa udogo wake naye huwindwa na wakubwa kuliko yeye, na mnyama wa namna hiyo akionyesha udhaifu kaliwa. Huficha. Hata kunguruma kule kwa raha anapokukalia mapajani, hunguruma vile vile akiwa na maumivu au hofu. Kibua alinguruma juu ya meza ya daktari. Kwa hiyo usingoje akulilie. Atakachofanya ni kubadilisha ratiba yake, na kama ratiba huijui, hutaona kitu.

Ratiba yenyewe si ngumu. Paka mzima hulala saa kumi na mbili mpaka kumi na sita kwa siku, kwa hiyo usingizi peke yake usikutishe. Kilele cha uchangamfu wake ni nyakati mbili, alfajiri na magharibi, mwangaza unapoingia na unapotoka, kwa sababu huo ndio wakati panya na ndege wanatembea. Majirani zangu husema Kibua anaamkia sala, maana adhana ya alfajiri ikitoka yeye keshasimama kifuani kwangu. Wakati wake na wa adhana umekutana tu, na mimi nashukuru, maana kuna siku bila yeye ningepitwa. Baada ya Isha huwa na dakika zake za wazimu, anakimbia kutoka ukumbini mpaka uani na kurudi, anapanda kabati, anateremka. Huyo hana jini, wala asisomewe. Hiyo ni nguvu ya kuwinda iliyokosa cha kuwinda. Mfungie kitambaa kwenye kamba umkimbize nacho kidogo kisha umpe chakula, na usiku utalala. Mwezi wa Ramadhani ratiba yake huhama pamoja na ya kwetu. Akishaonja daku siku mbili tatu, anayeamsha nyumba ni yeye.

Mahali anapolala pia hubadilika kwa msimu, na hilo usilichukulie ugonjwa. Wakati wa kaskazi Kibua hujinyoosha juu ya sakafu karibu na mtungi, tumbo wazi. Kusi likivuma anahamia kwenye kapu la nguo zilizofuliwa. Wahenga walisema paka hakubali kulala chali. Hukubali, lakini mbele ya anayemwamini, na hata hapo hajakuomba umshike tumbo. Amekuonyesha kuwa hana hofu, basi mwache. Ninaowaona wamechanwa mikono wengi wao ni wa kosa hili, kisha paka ndiye anayepigwa.

Kinachonitisha mimi ni badiliko bila sababu. Paka wa kapuni ambaye ghafla anajificha chini ya kitanda. Paka msafi aliyeacha kujilamba, manyoya yamesimama. Mlaji aliyeacha kula siku nzima. Mkojo nje ya mchanga. Hapo usitafute nani kamroga wala nani kamkasirisha. Mkojo nje ya mahali pake, kwanza ni afya. Afya ikiwa salama, tazama mchanga: ni mchafu? Boksi liko jirani na sahani ya chakula? Kuna paka wawili wanaogombea boksi moja? Safisha mchanga kila siku, wa pwani unafaa sana, suuza chumvi na uukaushe. Na utenganishe mambo mawili. Anayechuchumaa anakojoa. Anayesimama, mkia juu unatetemeka, akapiga ukutani, huyo anaweka alama ya mpaka wake, na karibu kila mara ni shume ambaye hajahasiwa na amesikia harufu ya shume mwingine dirishani.

Alama nyingine wala hazinuki kwetu. Anapokupitishia shavu kwenye mguu, kwenye pembe ya mlango, kwenye mguu wa kitanda, ana tezi za harufu pale shavuni na kwenye paji la uso, anakupaka harufu yake ili ujulikane kuwa wewe ni wa nyumba yake. Ndiyo maana tukihama nyumba paka huchanganyikiwa: kila kitu kimepoteza harufu. Mfungie chumba kimoja kwanza, na kanga yako ambayo hujaifua.

Kuzungumza naye kunawezekana. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu akimtazama paka na kufumba macho polepole, paka naye hufumba vivyo hivyo, na humsogelea zaidi hata mgeni. Mimi nilikuwa nikifanya hivyo na Kibua kabla sijausoma, na niliposoma nilifurahi kupita kiasi. Jaribu leo. Kaa mbali kidogo, usimkazie macho, fumba taratibu, fumbua taratibu. Ule mlio wa nyau pia ni wako wewe. Paka wakubwa baina yao hulia hivyo mara chache sana, wameuweka kwa ajili ya kuzungumza na watu.

Chakula nitakipita haraka, maana mnakijua, isipokuwa mambo mawili matatu. Samaki mbichi kila siku si heshima kwa paka. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwake, kwa hiyo mchemshie, umtoe miba. Mchanganyie moyo wa kuku au wa ng'ombe, kwa sababu paka anahitaji taurini, kirutubisho anachokipata kwenye nyama, na mwili wake hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Utamu wa sukari haujui kabisa, ulimi wake haukuumbiwa. Ukimwona anazunguka sinia ya halua, anataka samli. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji ndiyo muhimu: asili yake ni paka pori wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati, kwa hiyo hunywa kidogo, na dume anayekula vikavu bila maji anajitafutia yaliyompata Kibua. Mpe na maji uliyochemshia samaki, yasiyo na chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwake.

Na Panadol, jamani. Nakuombeni kwa jina la Mungu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mzima. Ini lake haliwezi kuisafisha dawa ile. Dawa za viroboto zenye permethrini, zile za mbwa, nazo zinaua paka. Ukikosa daktari, kutompa kitu ni bora kuliko kumpa Panadol.

Kabla ya Kibua nilikuwa na jike, Mwana, mweupe mwenye doa sikioni. Alizalia kwenye kabati la nguo la jamaa yangu, simtaji, na niliporudi kazini nilikuta kabati limeoshwa na Mwana hayupo, wala watoto. Walitiwa kwenye polo wakapelekwa sokoni. Nilizunguka Darajani mpaka maduka yakafungwa, nikiita. Watoto walikuwa hawajafungua macho. Sijampata Mwana, na huyo aliyemtupa hadi leo tukikutana harusini ananisalimu kama kwamba hakuna kitu.

Sisi tumefundishwa nini? Tunajua sote hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini. Imo katika Bukhari na Muslim, na madrasa tumeisoma tukiwa wadogo. Tunajua sahaba Abu Hurayra alipata jina hilo kwa kipaka chake. Tunajua Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, akasema Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Halafu tunafunga polo kwa kamba. Paka aliyezoea sahani ya nyumbani, ukimtupa sokoni kwenye mashume wenye mipaka yao, hujampa uhuru. Hajui kupigania kichwa cha samaki, na kitoto ambacho hakijafungua macho hakijui lolote.

Usiyemtaka usimzalishe. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, hubeba kwa miezi miwili hivi, na huweza kuzaa tena mwaka huo huo. Wengi huniambia kumfunga kizazi ni kumdhulumu. Dhuluma ni lile polo. Mwulize daktari wa mifugo wa wilaya yako mapema, kabla jike hajaanza kulia usiku, na dume kabla hajaanza kupiga kuta na kuzurura akarudi na jicho limechanwa. Ulizia na chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Dume akishahasiwa, mpunguzie chakula kidogo na umkimbize na kile kitambaa kila jioni, maana hunenepa haraka, na unene ni katika mambo yanayoleta ile shida ya mkojo.