Barua kwa mwanangu: vitu vya kuchezea vya mjukuu wangu

Kiloleni, Tabora

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na mama yako nimemsomea yote. Umeuliza kama ununue ile simu ya plastiki uliyoiona dukani huko Mwanza, inayowaka taa na kuimba herufi, kwa kuwa muuzaji amekuambia inamfungua mtoto akili, nawe unaogopa mwanao wa miezi saba asije akaachwa nyuma na wenzake. Nakujibu bila kusita: usiinunue.

Mlipokuja mwezi uliopita nilikaa na mjukuu wangu mkekani karibu saa nzima, naye ameshika kijiko cha mbao mbele ya sufuria ndogo. Akaigonga sufuria, akashtushwa na mlio, akanitazama usoni. Akagonga mkeka, mkeka haukulia, akairudia sufuria. Kisha akakiachia kijiko, akainama kutazama kimeangukia wapi, nami nilipomrudishia akakiachia tena, tena na tena, mpaka mgongo ukaniuma kwa kuokota. Alikuwa kazini mtoto yule: anasikiliza, anapima uzito, anajifunza kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Simu ile kila akiibonyeza itamwimbia wimbo uleule, naye hana la kuongeza. Herufi zina wakati wake. Maneno atayapata kwako, unapomwambia hiki kijiko, kijiko kimeanguka, huku anakutazama mdomo. Hata simu yako ya mkononi usimpe akodolee video: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni betri. Vingi vya vitu hivyo hutumia betri bapa, ndogo kama kifungo cha shati, na mtoto akiimeza ikakwama, yaweza kumuunguza umio ndani ya saa mbili. Kaka yako alipokuwa na mwaka mmoja nilimletea gari la plastiki. Siku ya tatu gurudumu likachomoka, na mama yako akaliwahi mdomoni mwake likiwa limeshafika juu ya ulimi. Sijalisahau jambo lile. Kwa hiyo chukua kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki toileti pepa inapokwisha: chochote kinachopita ndani yake usimpe mtoto mpaka atimize miaka mitatu. Kila kiungo ukivute kwa nguvu kabla hajakishika, na chenye kamba ndefu ukiache dukani.

Nimemchongea matofali kumi na mawili ya mbao, kila upande sentimita tano. Nimetumia paini, ingawa watu wa Tabora tunajivunia mninga, kwa sababu paini ni nyepesi zaidi, na tofali likimdondokea mguuni halitamuumiza sana. Pembe nimezipiga msasa mpaka zikawa butu, kisha kila tofali nikalipitisha shavuni mwangu kutafuta kibanzi. Rangi wala vanishi sikupaka, maana yote yataishia mdomoni. Nimeyasugua kwa nta ya nyuki tu. Kwa sasa atayanyonya na kuyagonganisha. Usimharakishe: kuweka moja juu ya jingine kutakuja akiwa na mwaka na miezi kadhaa, na baadaye utasikia tofali lilelile linaitwa gari asubuhi na ugali jioni.

Fedha ya ile simu nunulia mabakuli matatu ya plastiki ngumu yanayoingiana, na kitabu cha picha chenye kurasa nene. Mwekee vitu viwili vitatu kwa siku, vingine uvifiche, uvitoe juma linalofuata.

Mzigo nimemkabidhi mjomba wako, anasafiri Alhamisi. Mjukuu wangu akianza kujiinua kwa kushika kiti, nipimie kimo chake kutoka sakafuni hadi kifuani uniandikie mara moja, ili nianze kigari cha kusukuma.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako