Fundi wa faiba, safisha kichwa cha uzi kabla ya kuchomeka

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi ya faiba, nyuzi za kioo zinazoleta intaneti kwa mwanga, nilitumwa Mwanjelwa, Mbeya, kwa mama mmoja mwenye stesheneri. Taa nyekundu ya ruta inawaka, inazima, inawaka tena. Nilikata uzi nikaunganisha upya mara tatu, nikapanda nguzo mbili. Jioni inaingia, wanafunzi wamejazana mlangoni wakisubiri kuprinti fomu, mama akaniambia taratibu, "Mwanangu, kama imeshindikana niambie tu."

Akaja fundi mkubwa wangu. Alichomoa konekta, kile kichwa cha uzi kinachochomekwa, akapima kwanza kwa pawamita, kipimo cha nguvu ya mwanga, kuhakikisha hamna mwanga, kisha akaitazama kwa darubini ya mkononi na kunipa na mimi. Katikati ya duara jeupe palikuwa na doa la mafuta, limenasa vumbi na kinyuzi cha pamba. Asubuhi nilikuwa nimeifuta kwa pindo la shati. Akaifuta kwa kitambaa maalumu chenye spiriti, akamalizia na kikavu, akachomeka. Tukapata desibeli 4 zaidi; desibeli ndiyo tunayopimia mwanga umepungua au umeongezeka kiasi gani.

Piga hesabu. Faiba ya kawaida hupoteza kama desibeli 0.2 kwa kilomita, kwa hiyo lile doa lilikula mwanga wa kilomita 20. Kiini unamopita mwanga kina upana wa maikromita 9 hivi, chembamba kuliko unywele mara kadhaa. Vumbi letu la Septemba linakiziba bila shida.

Mwaka 1966 mwanafizikia Charles Kao alisema kioo kikisafishwa hadi kisipoteze zaidi ya desibeli 20 kwa kilomita, kitafaa kwa mawasiliano. Leo mwanga hupoteza kiasi hichohicho baada ya kilomita 100, karibu kutoka Mbeya mjini hadi Tunduma, na asilimia 1 yake bado inafika. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton na Microsoft walitangaza faiba yenye uwazi katikati, mwanga unapita hewani badala ya kwenye kioo: desibeli 0.091 kwa kilomita. Kwa umbali wa Tunduma ingefika asilimia 12, tena ikiwahi zaidi, maana kwenye kioo mwanga hupungua kasi kwa karibu theluthi moja. Nilisoma habari hiyo mara mbili, nikafurahi kama ndugu yangu kafaulu mtihani. Watu wamehangaika miaka yote hiyo kuokoa sehemu ya desibeli, sisi tunazimwaga nne mlangoni kwa mteja.

Jicho nalo. Leza ya mtandao ni ya nanomita 1310, 1490 au 1550, haionekani kabisa. Uzi unaoonekana mweusi unaweza kuwa unamimina mwanga kwenye mboni yako. Usichungulie hata siku moja, na darubini usiiguse kabla hujapima.

Pachikodi mpya, ule uzi mfupi wa kuunganishia, pia isafishe, hata kama umeitoa kwenye mfuko sasa hivi. Kile kifuniko chake cha plastiki huwa na vumbi ndani.