Vihamba vyangu vimeteremka mlima kwenye QGIS: je, simu ni mbovu?

SWALI: Mimi ni bwana shamba wa AMCOS (chama cha ushirika) ya kahawa upande wa Kibosho, Moshi. Nimechukua pointi za vihamba (mashamba ya nyumbani) vya wanachama kwa GPS ya simu, nikaziweka kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, juu ya ramani ya zamani ya 1:50,000, niliyoiskani na kuifunga mahali pake kwa namba za gridi iliyochapwa juu yake. Kila kihamba kimeshuka chini ya mahali pake, vingine vimevuka hata korongo. Ninunue GPS ya mkononi?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Simu ikikosea, hukosea ovyo: pointi moja huku, nyingine kule, mita 5 hivi palipo wazi na zaidi chini ya migomba iliyofungana. Zako zimehama zote pamoja, upande mmoja. Hapo tatizo ni mfumo wa koordineti, yaani wa namba zinazotaja mahali.

Ramani zile zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo unaotumia umbo la dunia la Clarke 1880. Simu hutumia WGS 84. Namba zilezile za gridi zikisomwa kwa mfumo usio wake huangukia kwingine: huku kwetu ni karibu mita 300 kaskazini-kusini na mita 90 hivi mashariki-magharibi. Inaelekea ulipoifunga ramani ulichagua WGS 84, na ramani nzima ikapanda kaskazini na kusogea magharibi. Ndiyo maana vihamba vinaonekana vimeshuka kuelekea mjini. Pima pengo lenyewe. Likikaribia mita 300, umeshampata mchawi.

Bofya kulia jina la leya (tabaka) ya ramani, uiwekee EPSG:21037, namba ya utambulisho ya mfumo wa Arc 1960 kwenye gridi ya UTM, kanda ya 37 Kusini. QGIS ikikuuliza njia ya kubadilisha, chagua iliyoandikiwa Tanzania. Pointi za simu ziache kwenye EPSG:4326, yaani WGS 84, na hapa nakuomba uwe makini kuliko popote: kuiambia programu data iko katika mfumo gani ni kazi moja, kuibadilisha data iende mfumo mwingine ni kazi nyingine. Ukibandika jina la Arc 1960 kwenye pointi za simu, namba hazibadiliki hata moja, ila umeziharibia maana, na atakayezirithi atahangaika sana.

Kisha nenda kwenye daraja au njia panda inayoonekana kwenye ramani, chukua pointi, uone inaangukia wapi. Pengo dogo litabaki: milimita 1 ya ramani hiyo ni mita 50 ardhini.

Moshi na Arusha mjini ziko kanda ya 37. Wenzako wa Karatu wako magharibi ya nyuzi 36, kwa hiyo ramani zao ni EPSG:21036.

Pointi hizi zinatosha kuonyesha mwanachama yuko wapi. Eka ni suala jingine: kihamba cha nusu eka kina upande wa mita 45 hivi, na kosa la mita 5 hapo ni kubwa. Mpaka na jirani usiuamue kwa simu kabisa. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa.