Shangazi Anajibu: Mdoli wangu hana uso

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mama alifariki miezi saba iliyopita. Utotoni alikuwa akinisimulia hadithi ya msichana aliyemtoroka zimwi, na sasa namshona msichana yule kwa kitambaa cha gauni la mama. Mwili umekamilika, ila kichwa kinaangukia kifuani. Uso nimeudarizi na kuufumua mara tatu. Mume wangu ananiambia niache, eti najitonesha kidonda. Niendelee?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Endelea.

Tuanze na shingo, maana hiyo ina dawa. Pamba haikushindiliwa vya kutosha. Fungua mshono wa mgongoni, chukua vijipamba vidogo kama ncha ya kidole, ushindilie kwa kitako cha penseli mpaka shingo iwe ngumu. Penyeza kijiti ulichokizungushia kitambaa, kianzie katikati ya kichwa kiishie kifuani, kisha ufunge kwa mshono wa kificho. Gauni kuukuu huwa limechoka. Likianza kuachia penye mshono, tia kitambaa chepesi kwa ndani.

Kwenye uso, weka sindano kando kwanza. Chomeka pini mbili zenye vichwa vyeusi mahali pa macho, umweke mbali, umtazame. Wengi huyaweka macho juu mno. Macho ya binadamu yako karibu nusu ya kimo cha kichwa. Ukiyashusha kidogo tu kutoka hapo, mdoli anakuwa mtoto. Hamisha pini hizo hata kutwa nzima. Yale matundu ya kufumua yaloweshe kwa tone la maji, usugue taratibu kwa ukucha, nyuzi zitasogeleana tena.

Lakini mara tatu, mwanangu? Nahisi ulikuwa ukimtafuta mama katika uso ule. Yeye alikuwa msimulizi. Huyu unayemshona ni yule msichana aliyetoka kwa zimwi akihema, na uso wake uliuona wewe mwenyewe ulipokuwa ukisikiliza. Udarizi huo.

Warusi wana hadithi ya Vasilisa, aliyeachiwa mdoli na mama yake aliyekuwa kitandani akikata roho. Vasilisa alikuwa na miaka 8. Kila alipozidiwa alimpa mdoli chakula kidogo, akamweleza yaliyomsibu. Nawe msemeshe wako, hata kabla hajapata mdomo.

Mumeo anakuonea huruma, basi mweleze kwamba machozi ya kwenye sindano unayataka. Mwombe akae karibu, akutungie uzi. Ila usingizi na chakula vikikukataa wiki baada ya wiki, mtafute mshauri nasaha. Mzigo huo usimwachie mdoli.

Nami nilishona mdoli nilipofiwa na dada yangu. Mguu mmoja ulinichukua wiki tatu: nilijaza unyayo, nikashindwa kuendelea, nikamfunika nisimwone. Niliogopa kukata uzi wa mwisho, nikidhani nitakuwa namzika dada mara ya pili. Siku ilipofika nilikata, nikakaa naye mapajani mpaka giza likaingia, nikimsimulia ugomvi wetu wa utotoni. Ana miaka 9 sasa. Kiatu cha kushoto sijamshonea bado.